Shimo la Mwalimu

Kwa miaka kumi na mmoja Mwalimu Jelagat alianza siku yake na sepetu. Kila mvua ilipopita Nawoitorong, maji yalikata njia mbele ya lango lake, naye alizoa kokoto, akajaza, akashindilia kwa kisigino. Hata alipostaafu hakuacha. Majirani walimsalimu, wakapita juu ya kazi yake.

Mgongo ulipomchosha, alikwenda ofisi za mjini kuuliza njia hiyo ni ya nani. Dirisha la kwanza likasema ya kaunti, la pili likasema si ya kaunti. Kwenye la tatu alikuwepo Benard, mwanafunzi wake wa zamani wa darasa la tano, sasa mkaguzi wa njia. Akapekua orodha ya njia za kutengenezwa.

"Njia yenu haimo, mwalimu. Kila tukikagua tunaikuta iko sawa."

"Iko sawa kwa sababu naijaza."

"Mimi huandika ninachoona. Alhamisi saa nne nitakuja. Nikikuta shimo, naandika shimo, greda inaletwa kuisawazisha."

Jelagat akaegemeza sepetu ukutani. Siku nne alilipita shimo akitazama pembeni, kama mtu aliyekosana na jirani. Likapanuka. Akachomeka humo tawi la mti wa mathenge ili watu walione shimo.

Alhamisi asubuhi mbuzi walikuwa wameling'oa tawi. Alisikia kishindo kabla hajamaliza chai. Lomunokol, mwuza maji, alikuwa ameketi mchangani ameshika goti, pikipiki ubavuni, mitungi sita ikimwagika.

"Ejok, mwalimu," alimsalimu kwa Kiturkana bila kuinuka. "Hii shimo yako imenitupa."

"Si langu."

"Ni ya nani sasa?"

Jelagat akamfunga goti kwa leso. Kisha akasimama kando ya shimo, akiwaelekeza wapitaji pembeni. Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Saa nane Adut, jirani mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa hajarudi kutoka kliniki kwa bodaboda. Jelagat hangeweza kusimama hadi jioni. Akaenda kuchukua sepetu.

Benard alifika saa kumi na moja.

"Mbona pako sawa?" Akaziona kokoto mpya, akatoa simu. "Tulifukue basi, mwalimu. Nipige picha tu."

Nyuma yake pikipiki ilikuwa inakuja polepole, Adut amemshika dereva kiunoni. Ikapita juu ya kokoto bila kuruka.

"Acha," Jelagat akasema. "Watu wanapita."

Benard akaandika: njia iko sawa. Jelagat akaenda kutafuta kokoto za kesho.