Upepo wa Darasa la Sita

Saa saba mchana, harufu ya ndagala iliingia darasani kabla ya mwalimu. Ilipita kwenye matundu ya ukuta uliotazama ziwa, ikazunguka juu ya vichwa vyetu, ikapanda ukuta wa nyuma na kutokea darasa la tano. Sisi watoto wa Kalemie hatukuihesabu kuwa harufu mbaya. Ndiyo iliyotuambia kwamba mama zetu wamekwisha kuanika samaki mchangani, kwamba jua ni kali, na kwamba jioni kutakuwa na kitoweo cha kulia bukari, ugali wetu. Shule yetu ilisimama kati ya reli na ufuko, jengo la matofali ya kuchoma lililoezekwa bati, bila dari na bila umeme. Asubuhi walisoma wadogo. Sisi wakubwa tulisoma mchana, saa ambazo bati lilikuwa likilia ta, ta, ta kwa joto, kama mtu anayepasua karanga juu ya paa.

Aliyelijenga jengo lile alijua alichokifanya. Darasa la sita lilitazama ziwa, la tano likatazama vilima, nayo yaligeuziana migongo. Ukuta uliotutenganisha haukuwa mzima: juu kabisa, karibu na bati, palikuwa na mstari wa matofali yenye matundu. Upepo wa ziwa uliingia kwetu, ukapenya matundu hayo, ukatoka kwa madirisha ya jirani zetu na kwenda zake vilimani. Madarasa mawili yalivuta pumzi moja. Hakuna aliyetueleza jambo hilo, nasi hatukuwa na haja ya kuelezwa, maana mtu haulizi habari za pumzi mpaka imkatike.

Mwaka huo darasa la sita lilipewa Madame Feza, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kwaya, aliyefundisha karibu kila kitu kwa wimbo. Tangu shule ifunguliwe, darasa la sita lilikuwa la mwalimu mwanamume, kwa sababu ndilo linalofanya mtihani wa serikali, na watu waliamini kwamba mtihani unataka fimbo na sauti nzito. Papa Direkta, mkuu wetu wa shule, alimpa kwa kumjaribu tu. Alimwambia mbele yetu, bila kuficha, kwamba inspekta atakuja mwezi wa kumi kabla ya mvua. Akiridhika, Madame atatupeleka mpaka kwenye mtihani. Asiporidhika, atarudi darasa la kwanza kufundisha vokali, nasi tutapewa Mwalimu Kabwe wa darasa la tano. Madame alijibu kwamba amesikia. Sisi tuliompenda tulisikia pia, na tuliogopa kuliko yeye.

Mwalimu Kabwe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa Ankoro, aliyekulia mtoni, na alipenda kusema kwamba samaki wa mto hujitangaza akiwa chunguni tu, wakati ndagala wa ziwa hujitangaza tangu asubuhi mpaka mtu alale. Harufu ilimsumbua. Nyimbo zetu zilimsumbua zaidi, kwa kuwa wanafunzi wake, katikati ya hesabu za kugawanya, walijikuta wakituitikia kiitikio. Basi Jumamosi moja ya salongo, siku ambayo shule nzima hufanya kazi za mikono, sisi tulipokuwa tunafyeka majani, wao walikanda udongo, wakasokota vipande vya nyavu zilizochakaa, wakayaziba matundu yote ya juu na kuyalainisha kwa kiganja. Papa Direkta alisema haijawahi kutokea salongo safi namna ile. Tulipiga makofi. Tulishangilia kufungiwa hewa yetu wenyewe.

Jumatatu ilipofika, upepo wa ziwa ulikuja hadi ukutani kwetu, ukasita, ukarudi. Harufu ya ndagala iliingia kidogo, ikakaa. Joto nalo likakaa, na jasho, na harufu ya viatu vyetu. Zaina, rafiki yangu niliyekalia naye dawati moja, alianza kulala kabla ya sala ya kufungulia darasa kumalizika. Kufikia saa tisa vichwa vilikuwa vinadondoka kama maembe mabivu, na wimbo wa vitenzi vya Kifaransa uliimbwa na Madame peke yake. Siku ya nne ilikuwa hivyo hivyo, na wiki ya pili pia. Kila mtu akawa na maelezo yake. Baba yangu alisema ni mbu wa usiku. Papa Direkta alichungulia mlangoni, akatazama, akatikisa kichwa, akasema darasa limemshinda Madame. Madame aliposhauri kwamba tusile bukari kabla ya kuja shule, mama yake Zaina alitoka ufukoni na magamba ya samaki bado mikononi, akasimama mlangoni, akamwambia kwa upole uliotuchekesha wote:

“Madame, mutoto akikula bukari, analala. Akikosa bukari, analala pia, tena na njaa. Sasa tuchague usingizi gani?”

Madame alicheka naye, lakini mama yule alipoondoka alikaa kitini, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya, na akatazama ziwa muda mrefu. Inspekta alikuwa amebakiza wiki moja.

Moshi ndio uliotufumbua macho. Mama mmoja aliyekuwa anabanika samaki wakubwa ufukoni alitia kuni mbichi motoni, na moshi wake ukaingia darasani kwetu mzito kama blanketi. Zamani ungepita moja kwa moja hadi kwa Mwalimu Kabwe, naye angekohoa kwa hasira. Siku hiyo Madame aliiacha chaki katikati ya neno, akatuambia tuufuate moshi kwa macho. Ulipanda ukuta wa nyuma, ukafika kwenye udongo uliolainishwa vizuri, ukapapasa huku na huku, kisha ukajikunja na kutuangukia vichwani.

“Upepo ni kama mugeni,” alisema Madame polepole, kama anayejisemea. “Ukimufungia mulango ya kutokea, ataogopa hata kuingia.”

Alitoka akaenda kwa jirani. Sisi hatukuweza kusikia neno, maana matundu yalikuwa yamezibwa, na hapo ndipo tulipoyakumbuka kwa uchungu. Watoto wa darasa la tano walitusimulia baadaye. Alimkuta Mwalimu Kabwe amevua koti, anajipepea kwa jalada la kitabu, na nusu ya darasa lake imelala juu ya madawati. Alimwambia Madame kwamba hata kwake wanalala, na kwamba alidhani ni bukari.

“Bukari iko kwenye tumbo, Papa Kabwe,” Madame alimjibu. “Mimi nauliza juu ya pua.”

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na Mwalimu Kabwe hakuwa mtu wa kuachia ngozi bure. Alikubali matundu yafunguliwe kwa sharti kwamba tuimbe saa ile ile ambayo darasa lake linaimba, na kwamba Madame aende mwenyewe kuwaomba mama zetu wasogeze moto wao upande wa pili wa shule. Madame akaenda, mama zetu wakasogeza. Jioni hiyo hiyo tulipanda juu ya madawati na fito mikononi, udongo ukatuangukia nyweleni, na upepo ukaingia kwa kishindo cha mtu aliyecheleweshwa njiani.

Ukaingia mno. Karatasi za darasa la tano ziliruka mpaka relini, na sisi tulioketi pembeni bado hatukupata kitu, kwa kuwa wote ulikimbilia katikati. Madame alileta manyoya ya kuku, akayafunga kwa uzi, akayaning'iniza katika pembe za madarasa yote mawili. Tukawa tunaziba tundu moja hapa, tunafungua dirisha nusu pale, huku tukiitana kupitia ukuta.

“Unyoya wenu unacheza?”

“Unaruka kama mulevi! Punguzeni!”

Tulipunguza, wakaongeza, tukabishana, mpaka manyoya yote yakacheza kwa mwendo mmoja, taratibu. Zaina tulimpa cheo cha Waziri wa Upepo. Alikichukua kwa uzito mkubwa, akawa kila mara anatazama juu, na akasahau kabisa kulala.

Inspekta alifika saa nane, saa mbaya kuliko zote, akitoka kula kwa Papa Direkta. Alikuwa mtu mnene mwenye suti, aliyetota jasho la barabarani. Alikaa dawati la nyuma, palepale upepo ulipopita kabla ya kupanda ukutani. Madame akaanza somo la mzunguko wa damu. Kabla damu haijafika kwenye mapafu, inspekta alikuwa amelala, kidevu kifuani, anakoroma. Papa Direkta akakodoa macho mlangoni. Madame alisita kidogo, kisha akaendelea kwa sauti ya chini, nasi tukajibu kwa sauti ya chini, watoto wote macho, hadi damu ikarudi moyoni.

Inspekta alizinduka kwenye kimya. Akajifuta uso, akatutazama mmoja mmoja, akamwita aliyekaa karibu naye aeleze kilichofundishwa. Alikuwa Zaina. Akainuka, akatazama unyoya mara moja kwa mazoea, kisha akaeleza somo lote bila kukosea. Inspekta alisikiliza mpaka mwisho.

“Mimi nimelala, wao hawakulala,” akamwambia Papa Direkta. “Hili darasa ni la Madame. Mumuachie.”

Tulifanya mtihani pamoja naye, na baada ya hapo hakuachia tena darasa la sita hadi alipostaafu.

Siku hizi binti yangu anasoma katika jengo jipya, lenye dari na madirisha ya kioo. Lina mengi ambayo sisi hatukuwa nayo, na sitalisema vibaya, ingawa katika mkutano wa wazazi wa juzi tulijipepea kwa mitandio hadi mama mmoja akainuka akafungua mlango wa nyuma. Mwalimu wake wa darasa la sita ni mwanamke, na wa shule jirani pia. Nilimsimulia binti yangu habari hizi zote, moshi, manyoya, inspekta na mkoromo wake. Alicheka sana, kisha akakunja uso, akaniuliza kitu kimoja tu kilichomtatiza.

“Lakini mama, kwani hiyo darasa ya sita walitaka kumupa nani mwingine, kama si mwanamuke?”