Mgonga Chesisi na Lori la Kumi na Tano

Saa moja na nusu asubuhi, kwenye uwanja wa dalali wa malori yaliyotumika, miguu minne imetokeza chini ya lori la tani saba. Miwili imevaa buti zilizochakaa. Miwili mingine imevaa viatu vyeusi vya ofisini vilivyopigwa kiwi vikang'aa. Kutoka huko chini inasikika nyundo ndogo ikigonga chuma: ngi, ngi, ngi. Kisha inasikika pu.

"Umeisikia hiyo?" anauliza mwanamke mwenye buti.

"Nimeisikia," anajibu karani mwenye viatu, amelala chali juu ya kipande cha boksi, tai ameitupia begani isichafuke.

"Basi nenda kanywe chai, baba. Hapa huna lori, una rangi inayotembea."

Mwanamke anatoa sumaku iliyofungwa kwenye uzi na kuibandika kwenye chuma. Inashika. Anaisogeza mpaka pale palipolia pu, na sumaku inadondoka kifuani kwa karani. Palipotakiwa kuwa na chuma pana pati, ile ya kuzibia mashimo kwenye bodi za magari, imepakwa rangi nyeusi juu yake na kulainishwa vizuri kabisa. Karani anaitazama sumaku kifuani pake kama mtu aliyepewa barua ya kufukuzwa kazi.

Wanamwita Mama Nyundo. Ana miaka hamsini na miwili, mwembamba, ana sauti ya kuamrisha na kicheko cha haraka. Kazi yake ni kukagua chesisi, yale mabamba mawili marefu ya chuma yanayobeba lori zima tangu kichwa mpaka mkia. Injini haigusi wala hataki kuisikia. "Injini ikifa unaishusha, unapandisha nyingine," anasema. "Chesisi ikikatika njiani, utakayeshushwa ni wewe."

Malori mengi yanayouzwa hapa yamekuja kwa meli kutoka nchi za baridi, ambako barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hujibanza pale mabamba yanapopandana, juu ya ekseli ya nyuma na nyuma ya springi, ikala chuma polepole. Kwa nje lori linapendeza. Ndani linakwisha.

Kwa siku hukagua malori mawili, yakizidi sana matatu. Malipo ya lori moja yanatosha lita tano za mafuta ya kupikia na chenji kidogo, na hayabadiliki lori likiwa zima au bovu. Sharti lake ni moja: anayenunua lazima alale chini naye aone kwa macho yake. Wameshalala hapo wachungaji, wauza nguo na bwana harusi mmoja. Mwandishi wa simulizi hii naye alilala, na shati lake halijarudi hali yake mpaka leo.

"Kuna mke wa mteja alikuja juu siku moja," anasimulia huku akifuta nyundo kwenye suruali. "Anauliza, mume wangu analala chini na nani? Nikamwambia mama, karibu, boksi lingine hili hapa. Akalala, tukawa watatu. Yeye ndiye aliyeona kutu kabla ya mumewe!"

Dalali mwenye uwanja hampendi, na hafichi. "Huyu mama ananifungia duka," analalamika, lakini kiti cha plastiki anamletea, na chai anamwagizia. Wateja siku hizi hawatoi hata senti kabla Mama Nyundo hajagonga.

Ajabu ni kwamba miaka ya nyuma, Mama Nyundo ndiye aliyekuwa akipaka.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa fundi rangi, na mkono wake ulisifiwa. Madalali walimletea malori yaliyooza chini, naye akaziba matundu kwa pati, akapiga msasa, akapaka nyeusi mara mbili. Jioni lori lilikuwa limeshapata mtu. "Nilijiambia mimi ni fundi rangi, chuma kina mafundi wake," anasema. Hapa hacheki. "Nilikuwa najua. Siwezi kukudanganya kwamba nilikuwa sijui."

Alikuwa na mazoea. Kila akimaliza kazi, alifutia brashi upande wa ndani wa chesisi, karibu na tangi la mafuta, mistari mitatu mifupi. Haikuwa alama wala sahihi, ni mkono tu uliokuwa ukimaliza rangi iliyobaki.

Miaka tisa iliyopita, mdogo wake wa kiume, mtoto wa mwisho kwa mama yao, alinunua lori kwenye uwanja wa mji mwingine. Alilipia akiba yake yote ya miaka saba ya kuendesha magari ya watu. Hakumwambia dada yake neno, maana alitaka kumshtua: safari ya nne aje nalo mpaka mlangoni, apige honi, dada atoke aone. Safari ya tatu, akiwa na shehena ya saruji, chesisi ilikatika nyuma ya kichwa cha lori. Alikaa hospitali miezi minne na mguu wa kushoto, kama anavyosema mwenyewe, ukabaki mfupi kuliko wenzake.

"Mwenzake," anamsahihisha dada mtu.

"Mwenzake, sawa. Mguu ni wangu lakini," anajibu mdogo mtu, na wote wawili wanacheka.

Mama Nyundo alikwenda kuliona lori kituo cha polisi lilikovutwa, saruji ikiwa bado inamwagika. Alizunguka mara moja, akainama karibu na tangi la mafuta. Mistari mitatu ilikuwa pale.

"Nilikaa chini kwenye saruji iliyomwagika," anasema. "Nikalia mpaka askari wa pale akadhani kuna mtu amekufa."

Siku ya pili yake alimweleza mdogo wake kila kitu, kitandani hospitalini. Mdogo wake aligeukia ukutani. Siku tatu hakumsemesha. Siku ya nne alisema, bila kugeuka, "Dada, chai ya hapa haina sukari. Niletee ya nyumbani." Mama Nyundo anasema alirudi nyumbani mbio kama msichana, akaijaza chupa pomoni.

Tangu hapo hajashika brashi ya rangi. Alinunua nyundo.

Mdogo wake aliporudi kazini, aliendesha tena malori ya watu, ila hakuacha kutaka la kwake. Kwa miaka sita sasa dada amekuwa akimtafutia. Amekagua malori kumi na manne kwa ajili yake peke yake na kuyakataa yote. Moja alilikataa kwa tundu linaloingia kidole cha mwisho. Jingine hakuona tundu lolote, akalikataa kwa kuwa lilinuka rangi mbichi.

"Dada angekuwa anachagua mume hivi, mpaka leo yuko nyumbani kwa baba," anasema mdogo mtu.

"Mume nilichagua kwa kuangalia rangi. Ukaona mwenyewe yaliyonikuta."

Utani upo, lakini jambo lenyewe halikuwa la utani. Mdogo mtu ametimiza miaka arobaini na minne na mguu nao unazidi kuzeeka. Mwaka huu mwajiri wake anauza magari yake. Mwezi uliopita alimwambia dada yake, safari hii kwa upole, "Lori moja tu, Dada. Usiponipatia mwaka huu, fedha hii nitafungulia genge la mboga, na usukani nimeuaga."

Mama Nyundo anasema usiku huo hakupata usingizi. Hofu yake ya kukosea ilikuwa inamnyang'anya mdogo wake kazi kwa mara ya pili.

Lori la kumi na tano lilikuwa kwa mzee mfyatua matofali, nyuma ya tanuri lake. Alhamisi mchana tukafuatana nao. Lilikuwa la rangi ya kutu tangu pua mpaka mkia, vumbi la matofali limeganda kila pahali, taa moja imefungwa kwa waya.

"Hili?" mdogo mtu alisema. "Dada, hili limefukuliwa."

Mzee hakukasirika. "Rangi ya nini? Nauza lori, simwozi binti," alisema, akarudi kwenye matofali yake.

Mama Nyundo alicheka, akatandika boksi. Alianza mbele. Alipitisha brashi ya waya, na chini ya wekundu ule chuma kikatoka cheupe, kinene. Kutu ya juu juu, akasema, hiyo ni jasho tu. Sumaku ilishika kila alipoiweka. Nyundo ililia vizuri mpaka katikati, mpaka kwenye tangi, mpaka springi ya nyuma ya kulia. Akahamia springi ya kushoto.

Pu.

Mdogo wake, aliyelala kando yake, alifumba macho. "Basi," alisema kwa sauti ndogo. "Nilijua."

Mama Nyundo aliingiza bisibisi, akachokonoa. Kikatoka kipande cha udongo mgumu. Akachokonoa tena, kikatoka kingine kikubwa kama ngumi. Miaka mingi ya udongo wa matofali ilikuwa imeshindiliwa pale pembeni, mpaka chuma kilikosa nafasi ya kulia. Alipomaliza kuukwangua, aligonga.

Ngi!

"Ilikuwa imezibwa mdomo tu, maskini," alisema. Aligonga mahali hapo labda mara ishirini. Kibovu alichokipata ni mkono wa kubebea tairi la akiba, uliokuwa umelika nusu. Huo unakatwa na kuchomelewa mwingine, haubebi lori.

Kisha akafanya jambo ambalo halikutokea kwa mteja mwingine yeyote tuliyemwona. Alimpa mdogo wake nyundo. "Gonga wewe," alisema. "Lote. Mimi nimekaa kimya."

Mdogo mtu aligonga chesisi nzima, bamba hili na bamba lile, huku akijiburuza kwa mguu wake mfupi, kwa muda wa dakika arobaini. Mzee aliacha matofali akaja kutazama. Mdogo mtu alipotoka huko chini alikuwa mwekundu kwa vumbi kama lori lenyewe.

"Linalia lote, Dada."

Mama Nyundo alikaa juu ya ngazi ya lori. "Nina furaha jamani," alisema, akaipokea nyundo yake. Mzee aliwapunguzia bei kwa ajili ya mkono wa tairi, wakashikana mikono.

Jumamosi lori liko kwenye gereji ya jirani. Mkono mpya umechomelewa, chesisi imesuguliwa kwa brashi ya waya mpaka imeng'aa. Chuma kilichosuguliwa hakitakiwi kuachwa uchi, kikipata mvua mbili tatu kutu inarudi upya. Mdogo mtu anaingia na mfuko mkononi. Ndani mna mikebe miwili ya rangi nyeusi na brashi mpya. Anaviweka miguuni pa dada yake.

"Mtafute fundi rangi," anasema Mama Nyundo.

"Nimeshampata."

"Acha mchezo. Unajua sishiki."

"Dada, miaka tisa umegonga malori ya watu kwa sababu yangu. Mimi nilishamaliza siku ile ya chai. Wewe ndiye hujamaliza." Anaisukuma brashi kwa kidole cha mguu. "Na mistari yako mitatu ukiiacha, silipokei lori."

Mama Nyundo anajifuta macho kwa mgongo wa mkono, anasingizia vumbi la msasa. Vumbi la msasa leo hakuna.

Jumatatu safari ya kwanza, na mzigo ni matofali ya yule mzee, aliyesema hawezi kuwapa watu lori halafu akodi la mwingine. Mama Nyundo amekwisha omba kiti cha abiria. Anataka kwenda mpaka mwisho wa safari na kurudi, na njiani hataki mtu amwongeleshe, atakuwa anasikiliza. Akitoka huko ana mpango wa kufundisha wanawake wawili kugonga chesisi, kwa sababu mgongo wake umeanza kulalamika juu ya maboksi.

Anafungua mkebe, anakoroga rangi, anachovya. Kisha anasita.

"Njoo ulale huku," anamwambia mdogo wake. "Uone ninapaka juu ya nini."

Lakini mdogo wake yuko chini tayari, juu ya boksi, ameshika tochi.