Wimbo wangu wa pili ulitaja Bihambwe nzima, nikamweka baba yake Furaha mwisho

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Anayetaka kucheka acheke, mimi nimeshamaliza kulia.

Mimi ni mkulima wa maharage hapa Bihambwe, Masisi, na napiga gitaa la umeme. Ndiyo, rock, kwenye milima hii hii.

Hit yangu ya kwanza, "Mvua Haina Mlango", ilitembea kwa kadi za memori, simu hadi simu, mpaka Walikale. Ni wimbo wa mtu aliyeachwa, lakini watu wakaupiga kwenye harusi. Sikubisha.

Kichwa kikavimba. Nikaenda kujitambulisha kwa Papa Anselme, mzee wa kanisa, baba yake Furaha ninayetaka kumuoa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Kijana, musimu moja ya maharagi inaweza kuwa bahati. Ninangojea ya pili."

Yaani ndoa yangu ikawa inategemea single ya pili! Nililala vibaya, wakuu.

Sasa, huku kwetu mwimbaji hutaja majina ya watu katikati ya wimbo, tunaita kurusha libanga. Ukitajwa umeheshimiwa. Kwenye wimbo wa kwanza sikumtaja mtu, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananijua.

Safari hii walinijua wote. Muuza nyama alinitumia maini. Kinyozi akaninyoa nusu, akasema nusu nyingine baada ya kusikia jina lake. Mama mmoja alileta kuku ili nimtaje, kesho yake mume wake akaja kuuliza kama yeye ni mgeni pale nyumbani.

Nikawaingiza wote. Kiitikio kikabaki na maneno manne.

Jina la Papa Anselme nililiweka mwisho kabisa, na ubeti mzima wa sifa. Kwa akili yangu, kitu kitamu hulambwa mwisho. Akili gani ile!

Tukazindua uwanjani kwa kanisa, baada ya ibada, kwa jenereta ya kuazima. Watu walijaa, kimya, kila mmoja ametega sikio kwa ajili ya jina lake.

Anayetajwa anaruka, anapiga vigelegele, kisha anaondoka zake kwenda kusimulia. Muuza nyama akaenda. Kinyozi akaenda. Yule mama akaenda na mume wake, wanagombana nani ametajwa vizuri zaidi.

Uwanja ukawa mweupe. Amebaki Papa Anselme peke yake, kofia mkononi.

Nikavuta pumzi niingie ubeti wake. Jenereta ikakohoa, ikazima.

Akanisogelea polepole.

"Watu yote umetaja. Hata mwenye kukata nyama. Miye njo niko nani?"

"Papa, jina yenu iko ku mwisho. Niliweka pale juu ya heshima."

"Heshima ya ku mwisho? Ku kanisa, wa mwisho njo anafungaka mulango."

Niliona Furaha anaolewa na mtu mwingine, naalikwa kupiga gitaa.

"Basi imba," akasema. "Bila ile kelele."

Nikaimba kwa mdomo mtupu: Papa Anselme, mwenye shamba la mlimani, uliyemlea Furaha bila kuchoka.

"Rudilia."

Nikarudia. Akavaa kofia, akaivua tena, na macho yake yakawa na maji. Mimi pia, sitaficha.

"Wambie wazee yako wakuye kwangu. Tutazungumuza."

Single yenyewe imekufa, wakuu. Hakuna anayeisikiliza nzima. Kila mtu amekata kipande chenye jina lake akakifanya ringtone, hivyo nasikika sokoni kutwa, sekunde tatu tatu.

Nilichojifunza: mtu unayemhitaji mtaje kwanza, wengine watasubiri.

Wasanii wa humu, ninyi wimbo wa pili mliuvukaje? Semeni hapa chini. Ila anayetaka jina lake liwe kwenye wa tatu apite kwanza kwa Papa Anselme, sasa hivi ndiye anayepanga majina.