Kifurushi cha Saa Nne

Dada yangu alikuwa fundi wa kompyuta katika hospitali ninayofanyia kazi ya utarishi. Mimi niliishia darasa la saba, lakini alinieleza kazi yake mpaka nikaielewa. Kompyuta zetu zinatumia mfumo huria, ule usiolipiwa, na programu zake huja kama vifurushi kutoka ghalani. Ghala letu lilikuwa kompyuta moja chini ya dirisha la chumba chake nyumbani. Kila siku saa nne asubuhi, mashine za hospitali ziliiuliza kama kuna kipya. Kifurushi kimoja alikitengeneza mwenyewe: ndicho kinachofungua kadi za zamani za wagonjwa.

Kabla ya kuweka au kuondoa vifurushi, mashine huonyesha orodha yake na kuuliza; mtu akikimbilia kubonyeza "ndiyo", dada alimchapa mkononi. "Soma orodha kwanza, we! Unafukuzwa na nani?"

Alifariki mwezi wa tatu. Siku ya mazishi mama aliingia chumbani kwake, akachomoa waya wa ile kompyuta, akauzungushia kwenye nondo ya dirisha, akafunga mlango kwa ufunguo.

Alikuja fundi mpya, bwana mcheshi. "Mzee, mashine zenu zimejaa makapi," aliniambia, akaiamuru mashine iondoe kila kifurushi kisichotegemewa na kingine. Orodha ndefu ikatokea. Akabonyeza "ndiyo" huku akinisimulia habari za mpira. Niliona jina la kifurushi cha dada likipita. Nikaona haya kumkatiza.

Wiki iliyofuata mama alijikunja kwa maumivu ya tumbo. Daktari akataka kumpasua asubuhi hiyohiyo.

"Anasema kuna dawa ya usingizi ambayo nusura imuue zamani," daktari alisema. "Ni ipi? Hakumbuki. Nahitaji kadi yake."

Kadi ikakataa kufunguka. Nikapiga moyo konde, nikamwambia fundi nilichokiona.

"Sasa ulinyamaza kwa nini, mzee wangu?"

Nakala nyingine ya kifurushi ilikuwa kwenye ghala la dada tu. Nilichukua ufunguo uliofungwa kwenye pindo la khanga ya mama, nikakimbia nyumbani kuiwasha ile kompyuta.

Waya ulikuwa palepale kwenye nondo. Niliufungua taratibu, nikainama kutafuta tundu lake. Mkono wangu ukagusa ubavu wa mashine. Ubavu huo ulikuwa wa moto, kama paji la uso la mtoto mwenye homa.

Simu ikaita. "Hongera mzee!" Alikuwa fundi. "Kifurushi kimefika!"

Ilikuwa saa nne kamili. Nilikuwa bado nimeshika waya.

"Sijaiwasha," nilisema.

"Acha utani. Saini ni ya dada yako, tarehe ya leo. Na kuna maelezo."

"Yanasemaje?"

Akanisomea. "'Nimekirudisha. Someni orodha kwanza.'" Sauti yake ilikuwa imepungua. "Mzee, nibonyeze?"

"Soma kwanza."

Akaisoma orodha kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto wa shule. Kilikuwa kimoja tu. Akabonyeza. Kadi ikafunguka, na mama akapewa dawa nyingine.

Jioni alipozinduka, nilimrudishia ufunguo.

"Ulichomeka waya?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Vizuri. Mimi huingia kupangusa vumbi tu." Akaufungia ufunguo kwenye pindo lake. "Bado ina joto?"

"Bado."

Akafumba macho. "Basi hajambo."