Msalaba wa Mjomba

Mama alifariki alfajiri, nyumbani Matombo, na kabla wanawake hawajamaliza kumwosha simu yangu ilikuwa imejaa RIP. Grupu zima la ukoo. RIP, RIP, na vile vikatuni vya mikono iliyofumbatana. Hata mjomba, kaka yake wa pekee, anayeishi mjini, Kilakala, aliandika hivyo hivyo. Jina la dada yake hakuliandika.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Basi tukamsubiri. Jeneza likakaa chini ya migomba, padri akatazama saa. Nikapanda mlimani kutafuta mtandao mzuri wa kuongea, nikampigia. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akaanza kunieleza habari za mvua, barabara na kigari chake kilivyo chini, kitagota mawe.

"Halafu, mpwa wangu, si nimeshaandika kwenye grupu?"

Nilikata simu. Sikuwa nimewahi kumkatia mtu mzima simu.

Utotoni tulikuwa tukifagia makaburi ya misheni kila ilipokaribia siku ya Marehemu Wote. Katekista wetu alituambia zile herufi RIP za misalabani si za Kiingereza. Ni Kilatini, requiescat in pace, apumzike kwa amani. Waingereza walikuta maneno yao yanaanza na herufi zilezile, wakajichukulia. Ni sala, alisema, na anayeisali amesimama kaburini. Ilifupishwa kwa sababu kuchonga jiwe ni kazi ngumu. Sasa kidole cha mjomba kilikuwa kinachonga jiwe gani?

Nimehamahama nchi hii tangu nimalize sekondari, na popote nilipopanga chumba nilijua nikifa kuna watu kwetu watakaopanda mlima kunizika. Siku ile nilianza kuwatilia shaka.

Udongo wa kwanza aliutupa mama mdogo.

Baada ya arobaini, lori lililokuja kubeba ndizi lilitushushia msalaba wa zege kutoka mjini, umepakwa chokaa, RIP kubwa katikati. Mjomba akapiga simu kuuliza kama tumeshausimika.

"Bado, mjomba. Upo nyuma ya jiko. Njoo uusimike mwenyewe."

Akasema atakuja barabara ikikauka. Barabara imekauka, imelowa, imekauka tena. Kaburi la mama bado lina kijiti cha mkarafuu, na kuku wanalala juu ya ule msalaba.