Mtangazaji wa Meli ya Roki

Mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa mwanafunzi Guangzhou, China, nilichukuliwa kuigiza Mwingereza. Mwongozaji wa filamu alinikuta getini mwa chuo, akanitazama kuanzia nywele hadi viatu, kisha akamwambia binti aliyekuwa akimtafsiria kwamba mimi ndiye. Nikamweleza yule binti kuwa natoka Unguja. Akashauriana na bosi wake, akarudi: "Anasema haidhuru. Mgeni ni mgeni."

Ilikuwa filamu ya kuchekesha, kuhusu vijana wa Kiingereza waliotia nanga nje ya pwani yao na kurusha muziki wa roki kwa redio isiyo na kibali. Meli yenyewe ilikuwa jahazi la chuma la kubebea mchanga, limefungwa kwa kamba mtoni, na kila asubuhi afisa alikuja kukagua vibali vyetu. Nilivishwa nywele za bandia hadi mabegani na koti la ngozi, katika joto la Juni. Mimi niliyelelewa kwa taarabu nikakabidhiwa gitaa, nikalishika kichwa chini.

Siku ya tukio kubwa, mwongozaji alitaka hasira. "Serikali imewafungia redio!" akafoka. "Sema chochote, sauti tutaibadilisha baadaye."

Nilijaribu kuichukia serikali ya Uingereza, nikashindwa. Hasira pekee niliyokuwa nayo ilimhusu mwenzangu wa chumbani, kijana wa Tabora aliyesomea ujenzi, aliyenipikia tangu nifike. Nikaikamata maikrofoni, nikanguruma kwa Kiswahili: "Wananchi! Maharage leo siku ya nne! Jana yalikuwa yamechacha! Nayala kwa sababu naona haya kumwambia, lakini nimechoka, wallahi nimechoka!"

Watu wote mle melini wakapiga makofi. Yule binti akanijia machozi yakimlengalenga. "Mwongozaji anasema hajapata kusikia Kiingereza chenye uchungu namna hii."

Kwa hiyo sauti hawakuibadilisha.

Miezi kadhaa baadaye, mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo aliyekuwa na ofisi mtaa wa Sanyuanli, mle mle mjini, aliiokota VCD ya filamu ile sokoni, akatuita wanafunzi wa nyumbani tukaitazame. Nilikwenda kwa majivuno, mwenzangu kando yangu. Nilipotokea kwenye skrini wakashangilia. Nilipofungua mdomo, mwenye ofisi akaanguka kwenye marobota ya vitenge kwa kicheko. Akarudisha nyuma, akatuonyesha tena.

Mwenzangu hakucheka. Tulipotoka nje akasimama.

"Miaka miwili unayala bila kuniambia, ndugu yangu?"

"Nisamehe. Ungeudhika."

"Mimi mwenyewe maharage siyapendi!" akasema. "Siku ya kwanza ulimaliza sahani ukaomba nyongeza. Nikajua hawa wa pwani ndicho chakula chao."

"Nilikuwa na adabu ya ugeni."

Akaniangalia kama mtu anayetafuta pa kuanzia kugombana asipaone. Kisha tukaenda kwenye mgahawa wa Waislamu wa kaskazini mwa China, tukaagiza tambi za nyama ya kondoo. Tukila, nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza: kwao alipenda kula nini. Akaweka vijiti chini, akaanza kunieleza habari za matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa juani, na jinsi vinavyotafunwa na karanga.