Mpaka wa Maua na Watu wa Sahani

Juzi nilipanda ngazi kuchuma avokado. Usicheke, hiyo ndiyo safari yangu ndefu kuliko zote mwaka huu. Wenzangu niliosoma nao sekondari wako Nairobi, wengine Qatar. Mimi nikifika Embu mjini kununua mbolea narudi na kichwa kinaniuma. Sasa tawi lenye avokado nzuri limeinamia upande wa pili wa ukuta wa chuo kikuu, na nilipofika juu nikachungulia. Niliona hosteli, ghorofa juu ya ghorofa, suruali zimeanikwa madirishani kama bendera za nchi iliyoshindwa vita. Hakuna kapu hata moja. Hakuna mnyororo. Nikashuka mikono mitupu.

Nilipokuwa mdogo ukuta huo haukuwepo. Chuo kilikuwa juu ya mteremko, sisi chini, na kati yetu kulikuwa na nyasi tu, miti ya mikaratusi, kisha majani ya nepia ya nyanya yangu yakishuka mpaka kijitoni. Nepia hiyo ndiyo iliyolisha ng'ombe, na ng'ombe ndiye aliyetulisha sisi: maziwa kwenye chai asubuhi, maziwa kwenye githeri siku ambayo nyanya amefurahi, yaliyobaki yakaenda kununua daftari na sabuni. Ungeondoa ile nepia, ungeondoa nyumba nzima.

Shida ni moja. Bikoni iliyoonyesha mpaka wetu na chuo ilikuwa imesombwa na mvua kubwa kabla sijazaliwa, pamoja na yale maua ya mpaka tunayoyaita itoka. Nyanya alijua mpaka uko wapi. Alisema miguu yake inakumbuka. Lakini nani ataita miguu ya mwanamke mjane mbele ya hakimu?

Basi likizo moja, nikiwa darasa la nne hivi, tukaamka tukakuta watu wanachimba mashimo huko juu. Wakamimina simiti, wakasimamisha vyuma. Kila chuma kilikuwa na kapu katikati, na juu ya kapu minyororo imening'inia kama ndevu. Kila kimoja kina namba. Kimoja kiliwekwa hatua chache tu kutoka kwenye nepia yetu.

Nyanya alisimama uani na kijiko cha uji mkononi, akatazama mpaka uji ukaungua.

"Hicho ni nini?" nikauliza.

"Mtu hamimini simiti mahali asipotaka kukaa," akasema.

Nyanya alikuwa na misemo yake, na yote ilikuwa ya kukuambia usiamini mtu. Mgeni akija na jembe, muulize analala wapi. Anayekusifia ng'ombe ameshahesabu chuchu. Nilikua nikifikiri hizo ndizo zile amri kumi.

Jirani yetu, mzee wa mbuzi, akaja haraka kuliko habari zenyewe. Alikuwa mtu wa kujua kila kitu, hasa kile asichokijua. Kwanza akasema ni mitambo ya kunasa radi. Baadaye akasema minyororo ni ya watu wa shetani, kwamba wanafunzi wa vyuo wanajulikana. Nyanya akammiminia uji, akamwacha aongee mpaka akafika kwenye jambo la maana.

"Mama, wewe husikii? Mnyororo!" akasema, akishusha sauti kana kwamba mbuzi wake wangemsaliti. "Baba yangu alituambia. Mzungu alipopima nchi hii alipima na nini? Alivuta mnyororo. Palipoishia mnyororo, paliishia shamba la mtu."

Nyanya akaweka kikombe chini. Siku hiyo hakula chakula cha mchana.

Jumamosi nikatumwa kukata nepia, yaani kupeleleza. Nilikuwa mzuri kwa kazi hiyo kwa sababu ya uvivu. Ungenikuta nimekaa kwenye majani kutwa nzima na usishangae. Nikawaona wanafunzi wamekuja na mwalimu wao wa michezo, mwanamume mrefu mwenye kofia. Mmoja akasimama kwenye simiti, akavuta mkono nyuma, akarusha sahani ya plastiki nyekundu. Ikapaa, ikapinda kwenye mikaratusi, ikaanguka. Wote wakatembea mpaka pale ilipoanguka. Akasimama papo hapo, akarusha tena. "Mbili!" wakasema. Mwisho sahani ikagonga minyororo, chwaaa! ikatumbukia kapuni, wakapiga makofi kama watu waliookoka.

Nikakimbia nyumbani.

"Wanarusha sahani," nikamwambia nyanya.

"Zina chakula?"

"Hazina."

"Halafu?"

"Zikianguka wanazifuata, wanasimama hapo, wanahesabu, wanarusha tena mpaka kwenye mnyororo."

Nyanya akamtazama jirani, aliyekuwa amekuja mapema kungoja habari. Jirani akatikisa kichwa taratibu, kwa uchungu wa mtu aliyekwisha kuonya.

"Wanapima," nyanya akasema. "Wanapima shamba langu na sahani."

Usimcheke. Fikiria wewe mwenyewe: watu wazima, wenye vyeti, wanatembea huku na huku juani, wanasimama mahali, wanahesabu kwa sauti, wanabishana kuhusu hapa na pale, na mwisho wote uko kwenye chuma chenye namba. Kama hiyo si kupima, kupima kunafananaje?

Kesho yake baada ya kanisa, bado amefunga kitambaa chake cheupe, nyanya alichimba mizizi ya itoka, minene kama vitunguu, kando ya kijito. Tukapanda mteremko, mimi na karai, yeye na jembe, jirani kama shahidi. Alitembea polepole, akikanyaga kama mtu anayetafuta ngazi gizani, na kila alipotulia alisema, "Hapa." Nikaweka kitunguu. Kwetu itoka haling'olewi. Anayesogeza maua ya mpaka hujitafutia laana ambayo hata wajukuu wake wataipokea, na hilo halihitaji askari. Tulipomaliza, nyanya na jirani wakanywa uji kutoka kibuyu kimoja palepale juu ya mstari, ili jirani asije akasahau alichokiona. Hilo la mwisho lilimfurahisha sana jirani. Aliomba kushuhudia mara ya pili.

Jumamosi iliyofuata nyanya hakunituma. Alienda mwenyewe, akakaa kwenye kigoda nyuma ya maua, panga mapajani. Ni panga la nepia, lakini ukiwa mwanafunzi kutoka mbali hujui hilo.

Sahani nyekundu ikaja. Ikapita juu ya maua, ikaanguka kwetu. Nyanya akaikanyaga.

Mwalimu wa michezo akaja mbio, akasimama ghafla alipoona panga. Akavua kofia, akamwita Cucu, yaani nyanya kwa lugha yetu. "Habari ya asubuhi, Cucu. Tunaomba sahani yetu."

"Imefuata nini kwangu?"

"Ni upepo, Cucu."

"Upepo wa chuo una mkono?"

Wanafunzi wakacheka, kisha wakaacha. Mwalimu akatazama yale maua mapya, yamesimama kwenye mstari, udongo bado mbichi. "Na haya maua ni ya nini?"

"Ni mpaka. Kutoka hapa kushuka ni kwangu. Aliyeyapanda kwanza ni mume wangu."

Jamaa akafikiri kidogo. Akawageukia wanafunzi. "Mmesikia? Kuanzia leo maua ni mpaka hata kwetu. Sahani ikipita maua iko nje, na aliyerusha anaongezewa moja."

"Anaongezewa nini?" nyanya akauliza kwa haraka.

"Adhabu, Cucu. Katika mchezo huu anayehesabiwa nyingi ndiye anayeshindwa."

"Unawaadhibu watu wako kwa kuingia kwangu?"

"Kila mara."

"Mbele ya wengine?"

"Mbele ya wote."

Nyanya akainua mguu. "Chukua sahani yako," akasema. Tukirudi nyumbani akaniambia mtu anayekubali haraka hivyo ana lake, na nisiache kumtazama.

Hivyo ndivyo Jumamosi zetu zilivyopata kazi. Kwa miaka, nyanya alikaa pale na kigoda chake, akimenya maharagwe ya njahi, sikio juu. Sahani ikivuka, alipiga kelele "Nje!" hata kabla haijagusa nepia. Wanafunzi walimwogopa kuliko wahadhiri wao. Waliohitimu waliwaachia wapya habari zake: piga kushoto, kulia kuna Cucu. Mimi nilirusha vifuniko vya ndoo ya rangi, na siku moja binti mmoja wa chuo akaniazima sahani ya kweli. Nikagonga minyororo. Ile sauti, rafiki yangu, niliipeleka kitandani. Nyanya akaniuliza, "Umenipimia nini huko?" Hakukubali hata siku moja kwamba ulikuwa mchezo.

Kisha, nikiwa nimemaliza sekondari na nimerudi nyumbani kwa kile nilichokiita mapumziko (bado naendelea nayo), masoveya wa kweli, wapima ardhi, wakaja. Hawakuwa na mnyororo. Walikuwa na kamashine kadogo juu ya miguu mitatu, na kamashine kakasema ukuta wa chuo upite katikati ya nepia yetu. Nyanya akakaa chini palepale kwenye majani. Sijawahi kumwona akikaa chini bila kigoda.

Mwalimu wa michezo, sasa ana mvi na kitambi, akateremka kutoka juu. "Hapana," akawaambia. "Mpaka ni maua."

"Nani anasema?" soveya akauliza.

"Muulize yeyote. Mimi mwenyewe nimeadhibiwa hapo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka." Akawaita wafanyakazi wa bustani, akawaita wanafunzi, na wote wakasema neno moja: kuvuka maua ni nje, imekuwa hivyo tangu zamani. Wakubwa wa chuo wakaja, wakanong'onezana, wakaondoka. Ukuta ukajengwa upande wao wa itoka.

Jioni hiyo nyanya alituwekea maziwa kwenye githeri. "Niliwaambia walikuwa wanapima," akasema.

Shamba likabaki lote. Ila ukuta ni ukuta. Jumamosi nyanya aliendelea kukaa upande wetu, haoni kitu, anasikia chwaaa! na vicheko, na mara mojamoja bado alisema "Nje!" na mtu asiyeonekana akajibu, "Sawa, Cucu!" Baadaye wakaanza kujenga hosteli, makapu yakang'olewa, yule mwalimu akastaafu. Kukawa kimya. Kimya kile kilimsumbua nyanya kuliko sahani zote.

"Wamenyamaza," aliniambia. "Wana mpango gani?"

Mwaka wake wa mwisho, magoti yakiwa yamekwisha, aliniambia nilete kifuniko cha ndoo. Nikaleta. "Rusha ng'ambo." Nikarusha. Kikapita juu ya ukuta, nikasikia kikianguka kwenye zege. Tukangoja, yeye kwenye kigoda, mimi nimesimama. Chai ikapoa. Hakuna aliyekuja kuuliza ni cha nani, wala kukirudisha, wala hata kututukana.

Nyanya akavuta lesso mabegani. "Wale wa sahani walikuja kudai chao," akasema. "Hawa ndio wa kuogopa."

Nikamshika mkono, nikamwingiza ndani.